Tofali Hili Halitoki Kwenye Kalibu

Picha waliyonitumia ilipigwa kutoka baharini. Ndivyo mji unavyoonekana ukiwa juu ya pantoni unatoka Kigamboni: maghorofa pacha ya upande wa Sokoine, jengo refu la Bandari, vioo juu ya vioo, na anga la bluu nyuma yake. Chini ya picha dada wa utawala alikuwa ameandika, "Tunataka mji wetu hivi, kwa karatasi nyeupe, ukutani pale mapokezi. Upana kama mita mbili na nusu." Ofisi yao iko Posta, ghorofa ya tisa. Nilikubali siku ile ile, maana ukuta wa mita mbili na nusu haupatikani kila siku, na asubuhi yake nikaanza kukata.

Siku ya nne nikaweka kisu chini.

Kwa mgeni wa ukurasa huu, niseme kwa kifupi ninachofanya. Nachukua karatasi nene nyeupe, nakata kwa kisu cha wembe, halafu napandanisha matabaka moja nyuma ya jingine huku nimeacha nafasi katikati. Sitii rangi, wala sichori mstari wowote unaobaki. Ukiona dirisha kwenye kazi yangu, ujue pale kuna tundu, na tundu lina kivuli ndani yake. Kivuli ndicho kalamu yangu. Na jambo nililoligundua siku ile ya nne ni kwamba jengo la kioo halina kivuli. Nilikuwa nimekata ghorofa ishirini na kitu za mnara mmoja, kila dirisha kwa rula, mistari imenyooka kama uzi, na nilipolisimamisha karibu na dirisha nikaona karatasi yenye miraba. Ingeweza kuwa daftari la hesabu. Hakuna ukingo unaotokeza, hakuna roshani, hakuna kitu kilichoingia ndani hata kidogo. Jua linapiga kioo na kurudi lilikotoka.

Nikamwandikia yule dada nikamwomba wiki moja kabla ya kuendelea. Akauliza kuna tatizo gani. Nikamjibu kwamba natafuta mji wetu ulipoficha vivuli vyake. Alinijibu vizuri tu: "Sawa dada, wiki moja."

Wiki ile nilitembea. Nilichagua saa tisa na nusu alasiri kwa makusudi, jua likiwa limelalia magharibi kiasi cha kufanya kila kitu kilichotokeza ukutani kitupe kivuli chenye urefu unaokaribia wake. Nilianzia ufukweni, kwenye kanisa la Kilutheri la Azania Front. Watu wengi wanalikumbuka kwa mnara na vigae vyekundu. Mimi nilisimama kuangalia madirisha. Juu ya dirisha moja moja kuna kijipaa chake cha vigae, kama kofia, ili jua na mvua visiingie. Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898, na nadhani walikuwa wameshaijua joto ya Dar es Salaam ilivyo. Hatua chache kutoka hapo kuna Boma la Kale, lililojengwa enzi za Sultani Majid kwenye miaka ya 1866 na 1867, kuta za mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba dirisha lake linakaa ndani kabisa, kwenye kivuli cha ukuta wenyewe. Nikapanda juu kuelekea Kisutu, Mtaa wa Jamhuri, Mtaa wa Libya. Huko ndiko nilikotumia siku tatu kati ya zile saba.

Kama hujawahi kupita mitaa ile huku umeinua kichwa, basi hujaiona. Chini ni maduka, bajaji, magunia, kelele. Juu kuna majengo ya ghorofa tatu au nne, mengine bado yana mwaka wa kujengwa umeandikwa kwa zege kwenye paji la uso wake. Roshani zimejipinda kwenye kona za barabara. Vipenu vyembamba vya zege vimezunguka jengo zima juu ya madirisha. Na penye ngazi, karibu kila jengo, kuna ukuta wa matofali ya matundu kuanzia chini hadi juu, ili watu wapande wakiwa na upepo na mwanga bila kuchomwa na jua. Waliochora majengo ya namna ile hawakutegemea kiyoyozi. Anthony Almeida, aliyezaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1921, akasomea usanifu majengo Bombay kisha akarudi nyumbani, alifanya kazi yake yote akipambana na jua hili hili. Nenda katazame kanisa la pamoja la Wakristo pale Mlimani, Chuo Kikuu, uone mwanga unavyoingizwa ndani kwa adabu. Kwa watu wa kizazi kile kivuli kilikuwa kifaa cha ujenzi kama saruji.

Nilipofika kwenye yale matofali ya matundu, moyo ulinienda mbio, na si kwa sababu ya usanii peke yake. Baba yangu alikuwa akiyafyatua.

Nimekulia Temeke, kwenye uwanja wenye rundo la mchanga upande mmoja na safu za matofali mabichi upande mwingine. Kalibu za baba zilikuwa za mbao, zimefungwa kwa bawaba na misumari mirefu, na ndani yake kuna viini vya mbao vilivyochongwa, vile vinavyoacha matundu. Kila asubuhi kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuvipaka viini oili chafu kwa kitambaa ili saruji isinate. Harufu ya oili chafu ikichanganyika na saruji mbichi naijua kama wengine wanavyoijua harufu ya jiko la mama yao. Baada ya hapo ni kumwagilia maji, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima, kwa mkono, kwa kopo. Alikuwa na kalibu za aina nne. Lililokuwa likinunuliwa zaidi ni lile la majani manne, yaani matundu manne yenye umbo la jani yanayokutana katikati, ukiyapanga ukutani yanakuwa maua yasiyo na mwisho.

Nikamwandikia dada wa utawala: badala ya mji unavyoonekana kutoka baharini, nitawapa mji unavyoonekana ukiwa umesimama chini ya paa lake saa tisa na nusu. Vipande vinane vya mraba, kila kimoja sentimita 60 kwa 60, safu mbili za vipande vinne, upana wote mita 2.4. Nilidhani wangekataa. Kesho yake alinipigia bosi wao mwenyewe, akaniuliza swali moja tu: "Soko la Kariakoo litakuwemo?" Nikasema litakuwemo. Akasema, "Basi endelea, mama."

Nilianza na matofali, vipande viwili kati ya vile vinane. Kwenye kipande kimoja niliweka tofali la sentimita 5, kumi na mbili kwenda juu na kumi na mbili kwenda pembeni, jumla 144. Kila tofali lina matundu manne, kwa hiyo karatasi moja ina matundu 576. Matabaka ni matano. Nilikata kwa siku kumi na moja. Nabadilisha wembe kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu wembe uliochoka haukati nyuzi za karatasi, unazivuta, na ukingo unatoka manyoya. Wengi wananiuliza kwa nini nisipeleke kwenye mashine ya leza ikaisha kwa saa moja. Leza inakata kwa kuunguza. Kwenye karatasi nyeupe inaacha ukingo wa kahawia, na kwa kazi ambayo haina rangi yoyote, uzi ule wa kahawia ndio utakaokuwa kitu cha kwanza kuonekana.

Kipande cha kwanza kilipokamilika, Jumapili moja nikamwita baba aje akione. Ana miaka sabini na nne sasa, magoti yanamsumbua, lakini macho yake bado ni ya fundi. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi, akavaa miwani. Nikamwekea kipande mapajani. Alikishika kwa viganja viwili, akakiinua usawa wa dirisha, akachungulia kwenye matundu, akakigeuza nyuma, akachungulia tena. Kimya kirefu. Halafu akasema:

"Mama, tofali hili halitoki kwenye kalibu."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Tundu lako limenyooka, mbele na nyuma sawa. Ukifyatua hivi, kiini kinang'ang'ania ndani. Ukivuta, tofali linapasuka mkononi mwako. Kiini lazima kiwe kipana upande mmoja, chembamba upande wa pili. Kidogo tu. Unene wa sarafu. Ndipo kinachomoka." Akachukua glasi iliyokuwa mezani, akanionyesha inavyopanuka mdomoni. "Unafikiri hii glasi nayo ilitokaje?"

Miaka yote ile nilivipaka oili viini vile kwa mikono yangu na sikuwahi kuona kwamba vilikuwa na upande mwembamba. Vidole vyangu viliujua, kichwa hakikuujua.

Nilikata upya. Tabaka la nyuma kabisa nililiacha kama lilivyo. Linalolifuata nikalipanua nusu milimita kila upande, linalofuata tena nusu milimita, hivyo hivyo hadi la mbele. Nisingeweza kupanua matundu yaliyokwishakatwa, maana wembe ukikata ukanda mwembamba kama ule unachana ukingo, kwa hiyo karatasi nne za siku tisa za kazi ziliwekwa pembeni. Lakini nilipopandanisha zile mpya na kuzileta kwenye mwanga, nilielewa. Kila tundu sasa lina ngazi nne ndogo ndani yake, na kila ngazi inashika mwanga kidogo kabla ya kuiachia giza. Jani halikatiki ghafla kutoka nyeupe kwenda nyeusi. Linafifia. Ndivyo matofali ya kweli yanavyofanya, na ndiyo sababu ukuta wa matundu wa Kisutu unaonekana laini kwa mbali wakati ni zege tupu. Kule kupanuka ambako fundi alikuweka ili kiini kichomoke ndiko kunakolainisha kivuli.

Kuhusu karatasi yenyewe, niseme machache kwa wanaotaka kujaribu, maana nimejifunza kwa hasara. Miaka michache iliyopita nilifanya kazi ya ofisi moja kwa manila ya kawaida ya dukani. Ukuta wao ulikuwa unatazamana na dirisha la magharibi. Haikufika miaka miwili ikawa rangi ya chai ya maziwa. Karatasi ya bei nafuu hutengenezwa kwa mbao ambazo bado zina lignini, yaani gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, na lignini ikipigwa na mwanga hugeuka njano. Hakuna dawa ya kuirudisha. Niliwarudishia sehemu ya fedha zao. Tangu hapo natumia karatasi ya pamba isiyo na asidi, ya gramu 300 kwa mita mraba kwa matabaka ya kukatwa, na ya gramu 160 kwa kazi za kukunja. Ni ghali, naiagiza nje, na bei yake naiandika wazi kwenye ankara ili mteja ajue analipia nini. Tena uangalie karatasi nyuzi zake zimelalia upande gani kabla hujakata chochote. Ikunje taratibu bila kuivunja, kwa urefu na kwa upana. Upande unaokubali kirahisi ndio upande wa nyuzi. Vipande vyangu vyote vinane nyuzi zimesimama wima, ili vikivuta unyevu vitanuke kwa namna moja.

Sasa Kariakoo.

Marehemu Beda Amuli, aliyelichora soko lile miaka ya 1970, alisomea usanifu majengo Haifa, Israel, na anatajwa kama msanifu majengo wa kwanza Mwafrika wa nchi hii. Kwa miaka mingi watu wameingia pale kununua nyanya na mbegu za mchicha bila kuinua macho. Paa lake ni miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, midomo imefunguka kuelekea mbinguni, kila mmoja umesimama kwenye nguzo yake. Mvua ikinyesha inakusanyika mdomoni mwa mwavuli na kushuka kwa njia ya nguzo. Na katikati ya mwavuli na mwavuli upepo unapita na mwanga unaingia ukiwa umeshapunguzwa ukali. Nilipokuwa mtoto mama alikuwa akinichukua kwenda Shimoni, soko la chini, kununua maharage, na nakumbuka jinsi unavyotoka kwenye jua la Mtaa wa Msimbazi, macho yanauma, unaingia chini ya miavuli ile na ngozi yote inatulia. Moto wa usiku wa tarehe 10 Julai 2021 nilikesha nikiufuatilia kwenye simu. Wafanyabiashara walipoteza mali nyingi sana. Zege lilibaki limesimama.

Kukata mwavuli ule haiwezekani, inabidi ukunje. Nilihangaika wiki mbili. Karatasi haipendi kupinda pande mbili kwa wakati mmoja, ukiilazimisha inajikunyata. Kilichonisaidia ni zoezi la zamani sana la karatasi: unachukua mraba, unakunja mraba mdogo ndani ya mkubwa, na mwingine ndani yake, mmoja kwa juu, unaofuata kwa chini, pamoja na mistari miwili ya kona kwa kona. Ukiibana taratibu karatasi inajipinda yenyewe, kona mbili zinapanda, mbili zinashuka, kama tandiko la farasi. Huko Ujerumani miaka ya 1920, kwenye shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus, Josef Albers aliwafundisha wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza kwa kuwapa karatasi kavu na kuwaacha waitafutie umbo kwa kukunja na kukata. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 msanifu majengo wa Japani, Masahiro Chatani, aliipeleka kazi hii mbali zaidi kwa kusimamisha majengo mazima kutoka kwenye karatasi moja, kwa kukata na kukunja tu bila gundi. Nawataja kwa sababu vijana huniandikia wakidhani karatasi ni mchezo wa chekechea. Wachora majengo wamefikiri kwa karatasi siku zote.

Mistari ya kukunja naichora kwa kalamu ya mpira iliyokwisha wino, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Ncha inaacha mfereji bila kukata nyuzi. Kwa mwavuli mmoja wa Kariakoo natumia mabawa manne ya namna ile, nayaunganisha kwenye nguzo ya karatasi iliyosokotwa, na miavuli tisa inatosha kujaza kipande kimoja. Viko viwili, kimoja kinaonyesha miavuli kutoka chini, kama anayeingia sokoni, kingine kutoka pembeni. Kina chake ni sentimita 6, ndicho kirefu kuliko vyote.

Vipande vilivyobaki vilikwenda haraka: kofia za madirisha ya Azania Front, dirisha la Boma la Kale ndani ya ukuta wake, kona ya roshani ya Kisutu, na nyumba ya Kiswahili ya Magomeni yenye baraza mbele na korido inayopita katikati hadi uani. Hicho cha mwisho nilikiweka bila kuombwa. Kwangu baraza ndilo paa la kwanza la mji huu, pale ambapo mgeni anapewa kivuli kabla hajaulizwa anataka nini.

Ilikuwa Aprili nilipoanza kugundisha, na masika yalikuwa yameshika. Hapa nilikosea, na kosa lenyewe ni la kufaa wengine kulisikia. Karatasi ilikuwa imekaa kwenye karakana yangu isiyo na kiyoyozi, imekunywa unyevu wa mvua zote zile. Niligundisha vipande vitatu kwenye ubao, vikanyooka vizuri, nikavipeleka Posta kuvijaribu. Baada ya siku mbili dada wa utawala akanitumia picha. Vilikuwa vimejipinda kama kaukau. Kiyoyozi cha ofisi kilinyonya unyevu upande wa mbele, karatasi ikasinyaa, ikauvuta ubao. Ijumaa jioni kiyoyozi kinazimwa, karatasi inavimba tena. Jumatatu kinawashwa, inasinyaa. Kazi inapumua wiki nzima namna hiyo.

Nilivirudisha nikavitoa kwenye ubao kimoja kimoja. Safari ya pili nilifanya mambo mawili. Kwanza, karatasi zote nilizihamishia ofisini kwao, kwenye chumba cha mikutano ambacho hakikutumika wiki ile, zikakaa siku nne bila kufunikwa, zikazoea hewa ya pale kabla ya tone la gundi kuzigusa. Pili, nyuma ya kila ubao nikagundisha karatasi ya uzito ule ule, nyuzi upande ule ule, ili mbele ikivuta, nyuma nayo ivute. Wafunga vitabu wanalijua hili tangu zamani. Gundi niliweka nukta nukta, si kupaka kote. Hadi leo ninapoandika, miezi mitano imepita, vimenyooka.

Taa zilinipa kazi nyingine. Dari ya ofisi ile ina taa bapa zinazomwaga mwanga kila mahali sawasawa, mwanga mzuri wa kusomea mikataba. Kwenye karatasi nyeupe mwanga huo unafuta kila kitu. Nilipotundika kipande cha matofali chini ya taa zile nikaona ukuta mweupe wenye kitu cheupe. Ikabidi nikae na fundi umeme, kijana mwenye subira sana, tukafunga taa ya utepe ndani ya mfereji wa alumini, sentimita 45 kutoka ukutani na sentimita 30 juu ya kazi, na ile taa bapa ya karibu tukaitoa. Hesabu yake ni nyepesi. Kitu kilichotokeza sentimita 2, mwanga ukikijia kwa nyuzi 45, kinatupa kivuli cha sentimita 2. Mwanga ukilala hadi nyuzi 20, kivuli kinapita sentimita 5. Juu karibu na taa mwanga unapiga moja kwa moja, chini unateleza juu ya ukuta. Kwa hiyo vipande vyenye kina, Kariakoo na Azania Front, vilikaa safu ya juu, na matofali yenye kina cha sentimita 2 yakashuka safu ya chini, ambako mwanga unaolala unayachimbua.

Kioo cha mbele nilikataa. Walikitaka kwa ajili ya vumbi, na nawaelewa, lakini kioo kingeakisi dirisha lao kubwa la magharibi na tungerudi pale pale kwenye picha ya kwanza. Fremu ni za mninga, zimetengenezwa Keko, zimetokeza mbele ya karatasi ili bega la mtu lisiiguse. Dirishani kulikuwa tayari na utando wa kupunguza jua. Na usafi nilimwomba dada wa utawala aniruhusu niongee mwenyewe na mama anayesafisha ghorofa ile.

Nilimkuta jioni ya siku ya kutundika, saa kumi na moja, ofisi imeanza kutawanyika. Nikamwamkia, nikampa brashi laini ya manyoya, nikamweleza: mara moja kila wiki mbili, kutoka juu kwenda chini, kitambaa chenye maji kisikaribie kabisa. Alisikiliza, akarudia maneno yangu yote ili nijue ameyashika. Fundi umeme alikuwa ameizima taa ya utepe akimalizia waya. Jua la jioni likaingia kwa dirisha la magharibi, likalala kwenye ukuta wa mapokezi kutoka pembeni, na vivuli vyote nilivyovipanga kushuka chini vikageuka vikakimbilia upande mmoja. Maua ya majani manne yakanyooka kama yamevutwa.

Yule mama akasogea, akainama usawa wa safu ya chini.

"Haya tulikuwa nayo nyumbani Ilala," akasema. "Kwenye korido. Jioni jua likiingia linachora sakafuni hivi hivi, na sisi watoto tunaruka, ukikanyaga kivuli umetoka, lazima ukanyage kwenye mwanga."

Akaweka ndoo chini, akashika kanga yake kidogo, akanionyesha kwenye marumaru ya mapokezi: mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia.